Amri Zimeondolewa: Hatari ya UVIKO-19 Imebaki kwa Nani?

Ndoo za maji tiririka zilizokuwa zikisimama milangoni mwa maduka, misikiti, makanisa na ofisi nyingi zimekauka, na baadhi zimekwisha kurudi jikoni kufanya kazi zake za awali. Barakoa, ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa sharti la kuingia katika majengo mengi ya umma Afrika Mashariki, imebaki usoni mwa wachache. Misiba hujaa watu, harusi hujaa watu, na daladala hupakia hadi mlangoni. Kwa wengi, UVIKO-19 ni habari iliyopita.

Utulivu huo una sababu za haki, kwani jamii haiwezi kuishi katika dharura isiyo na mwisho. Hata hivyo, kuondolewa kwa amri kumehamisha mzigo mmoja mzito. Wakati wa amri, serikali ndiyo iliyoamua nani avae barakoa, wapi na kwa muda gani. Sasa uamuzi huo umo mikononi mwa kila mtu, kila familia na kila kituo cha afya. Kijana mwenye afya njema aweza kuuamua bila kufikiri sana. Mgonjwa wa figo anayelazimika kukaa katika chumba kimoja na wagonjwa wenzake saa nne kwa siku, mara tatu kwa juma, ili damu yake isafishwe, hawezi. Yeye na waliomzunguka wanahitaji namna ya kuipima hatari ambayo haitangazwi tena kila jioni redioni.

Dharura ilikwisha, ugonjwa haukwisha

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi mwaka huo, na Tanzania ikafuata siku tatu baadaye. Chanjo ilizinduliwa Tanzania tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa miongoni mwa waliochanjwa siku hiyo. Mwezi Machi 2022 Kenya iliondoa sharti la kuvaa barakoa katika maeneo ya wazi. Hatimaye, tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha.

Tangazo hilo la mwisho halikueleweka sawasawa kwa wote. Siku ile ile, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alionya kuwa kumalizika kwa dharura si kumalizika kwa tishio la ugonjwa. Kilichobadilika ni namna ya kuushughulikia. UVIKO-19 umeondolewa katika orodha ya mambo ya dharura na kuingizwa katika kazi za kila siku za huduma za afya, kama ilivyo kwa kifua kikuu au mafua makali ya msimu. Hakuna daktari anayesema kifua kikuu kimekwisha kwa kuwa kinashughulikiwa katika kazi za kila siku.

Sababu kubwa ya mabadiliko hayo ni kinga. Kufikia mwaka 2023, watu wengi duniani walikuwa wamechanjwa, au wameugua, au yote mawili. Ni muhimu kujua kwamba kinga hiyo ina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Sehemu ya kwanza humzuia mtu asiambukizwe kabisa; hii hupungua ndani ya miezi michache, na aina mpya za virusi huikwepa kwa urahisi. Sehemu ya pili huzuia maambukizi yasigeuke kuwa ugonjwa mkali; hii hudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtu aweza kuugua UVIKO-19 mara ya tatu na kupona baada ya siku chache za homa na koo kuwasha. Ndiyo maana vilevile mtu ambaye mwili wake hauwezi kujenga sehemu hiyo ya pili angali karibu na hatari ileile ya mwaka 2020.

Takwimu zinaponyamaza

Wengi hupima hatari kwa idadi ya wagonjwa wanaotangazwa. Kipimo hicho kimepoteza nguvu. Uingereza ilisimamisha upimaji wa bure kwa umma wake tarehe 1 Aprili 2022, na nchi nyingi zimepunguza upimaji kwa kiasi kikubwa. Asiyepimwa hahesabiwi. Idadi ndogo, basi, yaweza kumaanisha wagonjwa wachache, au wapimaji wachache.

Afrika ilipata somo hili mapema. Katika jiji la Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima miili ya watu 364 katika chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu. Karibu mmoja kati ya kila sita alikutwa na virusi vya korona. Wengi wao walikuwa wamefariki nje ya hospitali bila kupimwa walipokuwa hai. Kwa aliyetazama takwimu za kila siku peke yake, ugonjwa ulionekana mdogo. Kwa aliyetazama chumba cha maiti, picha ilikuwa nyingine. Watanzania nao, ambao takwimu zao za UVIKO-19 zilikoma kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020 na hazikurejea hadi mwaka uliofuata, wanakumbuka ugumu wa kuamua bila tarakimu.

Mahali pa idadi ya waliopimwa, kuna dalili nyingine za kutazama. Ya kwanza ni wodi zenyewe: je, idadi ya wanaolazwa kwa nimonia na wanaohitaji oksijeni imeongezeka kuliko kawaida ya msimu? Ya pili ni uwiano: kati ya wachache wanaopimwa, wangapi wanakutwa na virusi? Ukipanda uwiano huo, virusi vinasambaa hata kama jumla ni ndogo. Ya tatu, kwa miji yenye uwezo huo, ni uchunguzi wa maji taka, ambao huonyesha virusi vilivyomo katika jamii bila kumsubiri mtu aje kupimwa. Ya nne ni ya kawaida kabisa na iko karibu na kila mtu: watumishi wangapi hawakufika kazini kwa kuugua, na watoto wangapi hawakwenda shule kwa kikohozi na homa? Muuguzi mkuu wa zahanati aweza kuliona wimbi kupitia orodha ya zamu kabla halijaandikwa katika ripoti yoyote.

"Ni mafua tu": mepesi kwa nani?

Omikroni, aina iliyotangazwa na wanasayansi wa Afrika Kusini mwezi Novemba 2021, ilipewa sifa ya upole. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haielezi kila kitu. Hong Kong ni ushahidi. Hadi mwisho wa 2021, jiji hilo lenye watu zaidi ya milioni saba lilikuwa limepoteza watu wapatao 200 tu kwa UVIKO-19, kwa sababu liliwazuia virusi mlangoni. Omikroni ilipoingia mwanzoni mwa 2022, zaidi ya watu 9,000 walifariki katika miezi michache. Wengi wao walikuwa wazee, na sehemu kubwa ya wazee wa miaka 80 na zaidi walikuwa hawajakamilisha chanjo.

Kirusi kilekile, katika miezi ileile, kilionekana chepesi katika nchi ambazo wazee wake walikuwa na kinga. Upole, kwa hiyo, haukuwa wa kirusi peke yake; sehemu yake kubwa ilitoka katika miili iliyokwisha kujiandaa. Anayesema "ni mafua tu" anasema kweli kuhusu mwili wake. Hajasema lolote kuhusu mwili wa mama yake.

Mama huyo ni nani? Umri ndio kigezo chenye uzito kuliko vyote: hatari ya kufa huongezeka kwa kila muongo wa maisha, na hupanda kwa kasi baada ya miaka 60. Juu ya umri huongezwa kisukari, magonjwa ya moyo, shinikizo la juu la damu, figo zilizoshindwa kazi, magonjwa sugu ya mapafu, unene uliopindukia, saratani inayotibiwa kwa dawa kali, na selimundu. Waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za kushusha kinga huenda wasipate ulinzi wa kutosha hata baada ya kuchanjwa. Wajawazito nao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuhitaji huduma ya wagonjwa mahututi na wa kujifungua kabla ya wakati.

Mtu anayeishi na VVU, anayemeza dawa zake kila siku na ambaye virusi vyake vimefubazwa, yuko katika hali nzuri kuliko asiyeanza dawa. Asiyetibiwa yuko hatarini yeye mwenyewe, na mwili wake waweza kubeba virusi vya korona kwa muda mrefu. Afrika Kusini iliripoti mgonjwa mmoja ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa, aliyebeba virusi vya korona kwa zaidi ya siku 200. Kuwarudisha kliniki wagonjwa walioacha dawa ni sehemu ya kinga dhidi ya UVIKO-19.

Hewa mnayoshiriki

Baada ya kujua nani yuko hatarini, swali linalofuata ni mahali. Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61, na mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Siku chache baadaye, wengine 52 walikuwa wamethibitishwa au kudhaniwa kuambukizwa, na wawili walifariki. Tukio hilo lilisaidia kuonyesha jambo ambalo kunawa mikono peke yake hakulitibu: virusi hivi husafiri hasa katika hewa, katika chembechembe ndogo zinazotoka mtu anapopumua, anapozungumza, na zaidi anapoimba au kupaza sauti.

Kwa kuwa ni hewa, mambo manne huamua: ukubwa wa chumba, idadi ya watu, muda wanaokaa, na kama hewa ya nje inaingia. Kanisa lenye madirisha mapana yaliyofunguliwa lina hatari ndogo kuliko ofisi ya watu sita iliyofungwa ili baridi isitoke. Inafaa kukumbuka kwamba kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya; hupoza hewa ileile na kuizungusha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo ya kawaida, na lita 60 kwa kila mgonjwa katika wodi zinazotegemea upepo wa madirisha. Vituo vingi havina vifaa vya kupima kiasi hicho. Lakini kila kituo kinaweza kufungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite, kuhamishia benchi za kusubiria barazani au chini ya mti, na kuacha kutumia chumba cha ndani kabisa kama mahali pa kupokelea wenye kikohozi.

Maswali matatu

Hatari, basi, yaweza kupimwa kwa maswali matatu yanayoulizwa kwa pamoja. Je, virusi vinasambaa kwa wingi sasa? Je, hewa ya mahali hapa inashirikiwa kwa kiasi gani na kwa muda gani? Je, ni nani aliye dhaifu kuliko wote kati ya watakaokuwapo? Jibu la swali moja halitoshi.

Kijana wa miaka 25 aliyechanjwa, anayeuza nguo katika soko la wazi, yuko katika hatari ndogo hata wakati wa wimbi. Hana sababu ya kuvaa barakoa siku nzima juani. Jioni, akienda kumwona bibi yake wa miaka 78 mwenye kisukari, hesabu hubadilika, kwani aliye dhaifu sasa si yeye. Akiwa na mafua, heri aahirishe safari au azungumze na bibi kibarazani akiwa na barakoa.

Bibi huyo akipata msiba wa ndugu, hakuna mtaalamu atakayemwambia asiende kuzika. Msiba una haki yake. Anachoweza kufanyiwa ni kuwekewa kiti chini ya turubai mahali penye upepo badala ya ndani walikojazana akina mama, kusafirishwa katika gari lenye madirisha wazi, kuvaa barakoa wakati wa msongamano, na kurudi nyumbani mapema. Tahadhari ya namna hii haimtengi na watu wake.

Mgonjwa wa kusafishwa damu yuko katika mizani nzito zaidi: mwili dhaifu, chumba cha pamoja, saa nyingi, na hana uhuru wa kutofika. Usalama wake hautegemei sana anachofanya yeye. Unamtegemea mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeficha kikohozi chake, na muuguzi aliyekuja zamu akiwa na homa kwa kuwa hakuna wa kumshikia nafasi. Mkuu wa idara anayepanga zamu bila mtu wa akiba amekwisha kumwekea mgonjwa huyo hatari, hata kama hakukusudia.

Kwa mtumishi wa afya

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kwa mtumishi wa afya, tahadhari huanza kwa kutokudhani. Si kila homa ni malaria, wala malaria ikithibitishwa haiondoi uwezekano wa UVIKO-19. Kipimo cha haraka kikitoa majibu hasi kwa mtu mwenye dalili, hasa siku za mwanzo, kirudiwe baada ya saa 48 kabla ya kumhakikishia kwamba hana.

Kipima oksijeni cha kidoleni kisomwe kwa uangalifu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwezi Desemba 2020 ulionyesha kwamba, pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, karibu wagonjwa 12 kati ya 100 wenye asili ya Afrika walikuwa na oksijeni iliyo chini ya asilimia 88 katika damu ya mshipa wa ateri, ikilinganishwa na karibu 4 kati ya 100 wa kizungu. Ngozi nyeusi yaweza kukidanganya kifaa. Asilimia chini ya 90 ni ugonjwa mkali usio na mjadala. Lakini mwenye 93 anayehema haraka, anayeshindwa kumaliza sentensi, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya tarakimu peke yake.

Deksamethasoni huokoa maisha ya wanaohitaji oksijeni. Utafiti mkubwa wa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa hupunguza vifo kwa takribani theluthi moja kwa waliopumua kwa mashine, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni bila mashine. Kwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida, na kwa mwenye kisukari yaweza kupandisha sukari vibaya. Isitolewe kwa kila kikohozi. Antibiotiki nazo haziui kirusi. Pale inapopatikana dawa ya nirmatrelvir pamoja na ritonavir, inafaa ianze ndani ya siku tano tangu dalili zianze, kwa walio hatarini. Lakini haichanganywi na rifampisini, na kwa hiyo kila mgonjwa aulizwe kwanza kuhusu matibabu ya kifua kikuu.

Chanjo haihitajiki kwa kiwango kilekile kwa wote. Mkazo wa Shirika la Afya Duniani sasa uko kwa wazee, wenye magonjwa sugu, wenye upungufu wa kinga, wajawazito na watumishi wa afya wanaowahudumia wagonjwa. Mgonjwa wa kundi hilo akija kwa jambo jingine lolote, aulizwe alichanjwa lini mara ya mwisho.

Mgonjwa aelekezwe arudi kituoni haraka akipumua kwa shida, akibanwa kifua, akichanganyikiwa, au midomo ikibadilika rangi. Aliyepona lakini akaendelea kuchoka, kukosa pumzi au kusahau, miezi mitatu baada ya kuugua, asiambiwe kuwa ni mawazo tu. Hali hiyo inatambulika kitaalamu, na anastahili kuchunguzwa.

Kumwachia mwingine nafasi ya kujilinda

Anayevaa barakoa leo mara nyingi hukutana na swali la mzaha: "Bado unaiogopa korona?" Huenda ametoka kupata dawa za saratani asubuhi hiyo. Huenda ana figo ya kupandikizwa aliyopewa na kaka yake. Huenda yeye ni mzima, na anakwenda kumlea mtoto mwenye selimundu. Hana wajibu wa kueleza ugonjwa wake ndani ya daladala ili aruhusiwe kuufunika uso wake.

Katika kituo cha afya, mzaha huo usiwe na nafasi kabisa. Mgonjwa akiomba mhudumu avae barakoa, mhudumu na avae bila kuuliza sababu. Mgonjwa akiomba dirisha lifunguliwe, lifunguliwe. Mwenye mafua apewe barakoa mlangoni kwa heshima, na mtumishi mwenye homa aruhusiwe kubaki nyumbani bila kuhesabiwa mvivu. Hayo hayahitaji amri ya serikali wala bajeti kubwa, na yanaweza kuanza katika zamu ya kesho asubuhi.